Harambee ya Mapipa ya Kuchujia Maji ya Rangi

Ndugu na dada katika Kristo, na majirani wote wa Mukuru,

Bwana asifiwe. Tunaandika kwa haya kidogo, maana safari hii uchafu ni wetu wenyewe.

Mwezi uliopita mzee mmoja anayelima sukuma wiki kando ya mtaro alikuja kwenye kibanda chetu cha batiki, jani mkononi. Akalipangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka zambarau. Hakufoka, aliuliza tu, "Akina mama, hii ni ya nani?" Tukatazamana. Ilikuwa zambarau ya majoho ya kwaya, yale yale mnayoyaona kila Jumapili.

Maji ya kusuuzia tunayamwaga mtaroni. Yanaingia Mto Ngong, kisha Mto Nairobi, kisha Athi, mpaka Sabaki na bahari ya Malindi. Na rangi nzuri ya nguo ni ile isiyochuja wala kupauka. Basi hata mtoni haikubali kuisha upesi.

Tumejaribu wenyewe. Tulijaza ndoo kokoto, mchanga na vumbi la makaa tuliloomba kwa wauzaji. Beseni la kwanza lilitoka karibu jeupe, tukapiga vigelegele. La nne likatoka zambarau tena: makaa yalikuwa yameshiba. Haya ya jiko yana vitundu vichache vya kunasa rangi. Yale ya kuchujia, ya vifuu vya nazi vilivyochomwa kwa mvuke mkali, yana vitundu vingi hivi kwamba kuta zake katika gramu moja tu hufika mita za mraba 500 na zaidi. (Chumvi na magadi tunayotumia kutia rangi hupita tu, kwa hiyo asije mtu akayanywa maji hayo.)

Tunahitaji mapipa 3, mabomba, na makaa hayo ya miezi 6: shilingi 78,000. Tunazo 11,400. Mwaka jana mlituezekea kibanda hiki, na hatujasahau. Wapo pia walioahidi mabati na bado tunawangoja, hatutaji majina. Kila shilingi itaandikwa na hesabu kusomwa kanisani. Mweka hazina ni yule yule, nambari ya kikundi ni ile ile.

Kwaya, tunaanza na ninyi.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, kapu litakuwa mlangoni na ndoo yetu kando yake, anayetaka amwage beseni ajionee. Mzee wa sukuma tumemwalika. Amesema atakuja na kitambaa chake.