Maghala ya kando ya reli Moshi yapimwe kabla hayajavunjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wahusika wa mipango miji hapa Moshi, pamoja na wamiliki wa maghala ya zamani yaliyo kando ya reli, wasiyavunje kabla hayajapimwa na kuchorwa, kwa kuwa ghala la namna hiyo ni kazi ya uhandisi yenye ukoo mrefu, wala si banda chakavu la mabati kama linavyoitwa siku hizi.

Nilikuwa karani wa mizani katika mojawapo ya magodauni hayo ya kahawa, na mwaka jana lile nililolifanyia kazi lilibomolewa kwa siku mbili. Nilikwenda kutazama. Kenchi za chuma, yaani fremu zilizobeba paa, ziliuzwa kwa kilo, na hakuna aliyepiga hata picha moja ya jinsi zilivyounganishwa.

Sakafu ya godauni lile ilinyanyuliwa ikalingana na sakafu ya behewa la mizigo, ili mchukuzi asogeze gunia la kilo 60 kwa kitoroli bila kulipandisha wala kulishusha. Juu ya kuta, chini kidogo ya paa, paliachwa mianya mirefu iliyozibwa kwa wavu, kwa sababu kahawa hunywa unyevu na harufu, na ile iliyokaushwa vizuri ikilowa tena huota ukungu na kupoteza daraja lake. Aliyejenga vile aliijua kahawa.

Hata bati lenyewe lina historia ambayo sisi tunaoezekea nyumba zetu kwalo hatukufundishwa. Bati la migongo lilipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya bandari ya London, na likatumika kwanza kuezekea majengo ya bandari hiyo. Ukikunja karatasi nyembamba mikunjo mikunjo mfano wa kipepeo cha kujipepea, itahimili uzito ambao ikiwa bapa isingeuweza, na siri ya bati ndiyo hiyo hiyo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kukipaka chuma zinki kisishike kutu. Kuanzia hapo bati likaweza kusafirishwa baharini na kudumu mahali penye mvua kama zetu.

Adui mkubwa wa maghala ya wakati huo alikuwa moto, kwani nguzo na sakafu za mbao zilikuwa kuni zilizosubiri cheche. Mhandisi Jesse Hartley, akishirikiana na msanifu majengo Philip Hardwick, alijenga katika bandari ya Liverpool, Uingereza, maghala ya gati la Albert Dock, yaliyofunguliwa mwaka 1846, kwa matofali, mawe na chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, bila mbao katika sehemu zinazobeba uzito. Meli ilifunga kando ya ukuta na shehena ikaingia ghalani moja kwa moja: chai, pamba, hariri, hata pembe za ndovu. Mpango huo wa kuondoa hatua kati ya chombo na ghala ndio niliouona Moshi, isipokuwa kwetu behewa lilishika nafasi ya meli.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), mwaka 1925, na mwaka 1933 ukafuata muungano wa ushirika wa KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union). Mavuno ya kahawa ya vihamba vyao, yaani mashamba ya familia, yalishuka mlimani, yakapimwa, yakakobolewa na kupangwa madaraja, kisha yakapakiwa kwenda bandarini. Mwenye kutaka kuielewa safari hiyo leo hana pa kuitazama zaidi ya kwenye majengo haya.

Tatizo ni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na hakuna ghala la reli Moshi linaloweza kufikia umri huo. Njia iliyobaki ni Waziri kulitangaza jengo kuwa la kumbukumbu, nalo ni vigumu kulitetea litangazwe ikiwa hakuna mchoro wala maelezo yake. Albert Dock ilifungwa mwaka 1972 ikabaki gofu lenye matope, lakini kwa kuwa kuta zilikuwa zimeachwa zisimame, mwaka 1988 ilifunguliwa upya ikiwa na jumba la sanaa, maduka na makazi. Sisi tukishauza kenchi kwa kilo hatutakuwa na cha kufungua.

Chuo cha ufundi kikileta wanafunzi wachache, futi kamba na kamera, ghala moja haliwezi kuwachukua zaidi ya siku tatu. Nipo tayari kusimama nao nikiwaonyesha mlango wa kupokelea, mahali mizani ilipokaa, na upande ambao magunia hayakuruhusiwa kugusa ukuta.

Karani mstaafu wa mizani,
Moshi