Boriti ya boksi si utapeli

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika wiki iliyopita kwamba fundi aliyemwekea boriti zenye uwazi ndani sebuleni "amemuuzia hewa", na kwamba kona zake zimeingia nyufa. Mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam, na hewa hiyo nimeiuza miaka mingi.

Boriti za nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, ni miti ya mikoko, nazo zinabeba dari kweli. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Nyumba ya msomaji ina zege juu. Boriti pale haibebi kitu, ni pambo. Sasa boriti nzima ya mninga, inchi nane kwa sita, urefu futi 12, ina karibu kilo 70. Nani anataka kilo 70 zining'inie juu ya kochi? Ukiiunda hiyohiyo kwa mbao tatu za paini za inchi moja, haifiki kilo 25, na nyaya za taa unazipitisha humohumo. Tena gogo nene hivyo halikauki moyoni upesi. Litapasukia darini kwako.

Ila kuhusu nyufa za kwenye kona, ana haki. Kosa hilo nalijua kwa sababu nimelifanya. Nilipoanza kujitegemea nilinunua paini ya Mufindi ikiwa bado mbichi, nikaegemeza ubao kwa ubao, nikapiga misumari. Siku ya kukabidhi ilipendeza. Joto la Januari lilipoingia, kona zikaachana, sarafu ya shilingi mia ikapita. Nilirudi kuziba kwa gundi na vumbi la msumeno, mwenye nyumba amenishikia ngazi bila kusema neno.

Siku hizi mbao nazipanga karakanani na vibanzi katikati, upepo upite wiki kadhaa kabla sijazigusa. Kisha nachagua tatu ambazo nyuzi zake zinaelekeana, ikiwezekana za gogo moja, na kingo zinazokutana nazikata digrii 45. Nazilaza chini zikiwa zimeshikana kwa tepu upande wa nje, natia gundi kwenye mifereji, nazikunja kama boksi la viatu, halafu nazibana kwa klempu (vibano) mpaka kesho. Ukipiga msasa kona vizuri, mshono unautafuta kwa ukucha.

Kwenye zege natangulia kufunga ubao wa inchi mbili kwa nne kwa plagi na skrubu, na boksi linaivaa kama kofia. Skrubu za mbavuni nazifunika kwa vizibo vya mbao ileile. Dawa ya mchwa naipaka ndani kabla sijapandisha, jambo ambalo vijana wengi hulisahau kwa kuwa halionekani.

Paini ina ubaya wake: ukiipaka rangi ya mninga moja kwa moja inanywa mabaka mabaka. Itangulizie sila, yaani dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao. Mwenye fedha anunue mbao za mninga zenyewe, apake vanishi tu, lakini hata hizo nitamuundia boksi.

Msomaji huyo akipenda, apite karakanani. Kuna kipande cha boriti nimekiacha mlangoni bila kukiziba ncha, aingize mkono.

Seremala,
Keko, Dar es Salaam