Barua ya wazi kwa Mkaguzi wa Vipimo na Mizani, Mombasa: mafuta ya mia nayo yapimwe

Mheshimiwa Mkaguzi,

Baada ya salamu, twende kwenye jambo lenyewe. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei ya mafuta, na petroli ya Mombasa huwa nafuu kuliko ya Nairobi kwa shilingi chache kwa sababu meli zinashusha hapa hapa, kwenye gati la mafuta la Kipevu. Bei hiyo ni ya lita moja. Mwendeshaji wa bodaboda hanunui kwa lita. Ananunua mafuta ya shilingi mia, ya mia na hamsini, ya mia mbili akipata abiria wa mbali. Asubuhi hajashika pesa, na jioni lazima apeleke ya mwenye pikipiki. Kwa hiyo kipimo unachokagua wewe sicho anachouziwa yeye.

Tuseme lita moja ni shilingi 180, hesabu iwe nyepesi. Mafuta ya mia ni mililita 555, yaani chupa ya maji ya nusu lita na ziada kidogo. Sasa tuseme pampu inapunja mililita 50 kila inapoanza kumimina. Kwenye kopo la lita 20 unalotumia kukagua pampu, hiyo ni robo ya asilimia moja; haishtui mtu, na pampu inapigwa muhuri. Mwenye gari anayejaza lita 40 hata hajui kama kuna kilichopotea. Kwenye mafuta ya mia, mililita hizo hizo 50 ni asilimia 9: shilingi 9 katika kila mia. Anayejaza mara tano kwa siku amelipia robo lita nzima ambayo haikuingia kwenye tangi.

Wala si lazima awepo mwizi. Mpira wa pampu ukikaa bila kazi hupoteza presha, hasa kama vali inayozuia mafuta kurudi nyuma imechoka. Mteja anayefuata akihudumiwa, mafuta ya mwanzo yanakwenda kuujaza na kuutanua mpira, na mita inayahesabu. Tazama kioo na mdomo wa bomba kwa pamoja: namba zinaanza kukimbia kabla mafuta hayajatoka. Anayenunua lita 30 hupatwa na hili mara moja. Anayenunua nusu lita mara tano hupatwa nalo mara tano.

Mwisho wa kumimina nako kuna hasara. Mhudumu akiachia kibano, vali inafungwa, lakini mafuta yaliyokwisha kupita kwenye mita bado yamo ndani ya mdomo wa bomba. Akilichomoa bomba haraka na kulielekeza juu, yanabaki humo au yanadondoka sakafuni. Inatosha kuliacha limeinama ndani ya tangi, ahesabu polepole hadi tano, alitikise mara moja, ndipo alitoe. Wahudumu wazuri hufanya hivyo bila kuambiwa. Wengine wana foleni ya magari nyuma inayopiga honi, na hatuwalaumu sana.

Watengenezaji wa pampu wenyewe wanalijua jambo hili. Kwenye kibao cha pampu huandikwa kiasi cha chini ambacho mashine inaweza kukipima kwa uhakika, mara nyingi lita 2 au lita 5. Maandishi hayo ni madogo, yamefifia kwa jua na chumvi ya bahari, na hakuna mnunuzi anayeyasoma. Maana yake ni kwamba mafuta ya mia huuzwa chini ya kiwango hicho mchana kutwa, na muhuri upo pale pale.

Ombi letu la kwanza, basi, ni jaribio tofauti. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, pampu ikiwa haijauza kitu. Beba kopo la chuma la lita 1 lililopigwa muhuri. Lilowanishe kwanza kwa petroli, ulimwage, uliache lichuruzike sekunde 30, maana kopo kavu hunywa matone yake na kuharibu hesabu. Mimina lita 1 ya kwanza, soma, andika. Mimina ya pili papo hapo, soma. Iache pampu ipumzike robo saa, kisha mimina ya tatu. Kama ya kwanza na ya tatu zimepungua na ya pili imetimia, ubovu uko kwenye mpira au kwenye vali. Hapo mwenye kituo afungiwe bomba hilo hadi alitengeneze. Kopo la lita 20 haliwezi kukuonyesha hayo hata ulirudie mara mia.

La pili ni mahali pa kujazia. Bomba la gari likifunguliwa lote hutoa kama lita 35 kwa dakika. Kwa mwendo huo mafuta ya mia yanakwisha kwa sekunde moja. Tangi la pikipiki limekaa kama tandiko juu ya chuma cha fremu, kwa hiyo chini ya mdomo wake kuna kinundu karibu sana. Mafuta yakija kwa kasi yanagonga hapo na kurudi juu. Kitundu kilicho karibu na ncha ya bomba, ambacho kazi yake ni kulizima bomba tangi likijaa, hakisaidii kitu bomba likishikiliwa nusu nje. Kinachomwagika kinateremka kwenye injini na ekzosi iliyotoka kazini sasa hivi. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: haupai, unatambaa chini, miguuni mwa mtu aliyebaki ameketi juu ya pikipiki.

Kwa hiyo tunataka kila kituo chenye wateja wengi wa bodaboda kitenge bomba moja la mwendo wa polepole, kwenye sakafu tambarare. Injini izimwe, abiria na mwendeshaji washuke wote, pikipiki isimame kwa stendi kubwa ya katikati. Ikilala kwa stendi ya pembeni, tangi linainama kushoto na kumwagika kabla halijajaa. Bomba liguse chuma cha mdomo wa tangi kabla ya kufunguliwa na lisiachane nacho, ili umeme wa msuguano usirushe cheche. Anayejaza tangi lote aachiwe nafasi ya vidole viwili chini ya mdomo. Petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Kwenye tangi la lita 11 hiyo ni kama mililita 110, na jua la saa saba pale Mwembe Tayari litazitoa zote kupitia kifuniko. Mafuta yakimwagika, pikipiki isipigwe stata. Isukumwe kwa mkono mbali na pampu, ipanguswe na kuachwa ikauke, na sakafu imwagiwe mchanga. Ndoo ya mchanga iwe hapo kwenye bomba, si nyuma ya ofisi.

Tuongeze neno kuhusu masika. Mvua kubwa ikinyesha, maji huweza kuingia kwenye matangi ya chini ya ardhi, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli hukaa chini. Kuna dawa ya kupaka kwenye fimbo ya kupimia ambayo hubadilika rangi ikigusa maji. Tunaomba kipimo hicho kifanywe kila asubuhi ya mvua na matokeo yabandikwe. Mwendeshaji akizimikiwa mita mia tatu kutoka kituoni, afungue skrubu ya chini ya kabureta na kukingia kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani: maji yatajikusanya chini kama shanga. Chupa hiyo airudishe kituoni pamoja na risiti.

Risiti nayo ionyeshe lita, si shilingi peke yake. Na kwa jaribio la lita 1 tunapendekeza uanzie Likoni, upande wa feri, kisha Kongowea na Changamwe, ambako foleni za bodaboda huanza kabla jua halijachomoza. Tutakuwepo.

Ni sisi,
Mafundi na waendeshaji wa bodaboda, Mombasa