Somo la Alhamisi: kutafuta taarifa za tiba mtandaoni

Ndugu wakutubi, wauguzi, matabibu na wafamasia wa Tabora, salaam.

Alhamisi saa mbili usiku tutaanza somo letu la kwanza kwa njia ya mtandao. Tutaanza na PubMed, hifadhidata ya makala za utafiti wa tiba, ambayo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imeiacha wazi bila malipo tangu 1997, ingawa mara nyingi huonyesha muhtasari tu. Makala kamili tutazitafuta kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa. Hinari husajili taasisi, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo ulizeni mapema kama kituo chenu kimesajiliwa.

Kwangu mimi, jambo zito zaidi ni namna ya kuuliza swali. Muuguzi anayemhudumia mjamzito mwenye malaria asiandike "malaria" peke yake, bali ataje mgonjwa, tiba, tiba ya kulinganisha na matokeo anayoyatafuta. Hapo ndipo mkutubi anapomfaa sana, kwa sababu anazijua istilahi zinazotumika kuainisha makala hizo.

Wenzetu wa Kaliua na Sikonge wenye mtandao hafifu nitawatumia maandishi Jumatano. Tafadhali, majina ya wagonjwa yasitajwe humu kabisa.