Maswali yetu yamebandikwa chini ya "Ya baadaye"

Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi, tena mkimya. Mengi nimeyasoma nikayaacha yapite. Ile ripoti yenu juu ya mradi wa chuo kikuu wa maadili ya nishati imenikwama kooni, hasa pale mlipoandika kwamba "umma umeshirikishwa kikamilifu". Katika picha mliyochapisha, mzee aliyeshika kalamu ya rangi huku amekunja uso ni mimi.

Sina ugomvi na wazo lenyewe, la kuwaketisha wataalamu wa fani mbalimbali wajadili haki kwenye mambo ya nishati. Nimestaafu nikiwa fundi wa laini za umeme, na najua transfoma haiamui nani awashiwe kwanza na nani asubiri. Mhandisi peke yake hana jibu hilo, wala mchumi. Wakiketi meza moja na mwanafalsafa, mwanasheria na mwanaanthropolojia, huenda likapatikana. Zaidi ya nusu ya kobalti inayoingia kwenye betri za dunia inachimbwa Kongo, na swali la nani anaumia shimoni ili mwingine aendeshe gari lisilo na moshi halina fomula. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye kikao cha mradi huo, nilikwenda.

Tukakuta ramani ya eneo la paneli za sola imeshachapwa na kuwekewa plastiki. Kazi yetu ikawa kuandika kwenye vikaratasi: vya njano matumaini, vya waridi hofu. Vya waridi viliisha mapema, nikatumia cha njano: "Paneli zikichakaa, nani atazing'oa na kwa gharama ya nani?" Kijana aliyekuwa akiongoza, mwenye adabu zake, akasoma akaniambia, "Asante mzee wangu, ila hili ni swali, leo tunakusanya hisia." Akakibandika pembeni, chini ya bango lililoandikwa "Ya baadaye". Mama aliyekaa karibu nami akauliza kuhusu moshi wa jikoni kwake. Si swali dogo hilo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Akajibiwa kwamba moshi uko kwenye mradi wa idara nyingine. Idara nyingine! Na kwenye mwaliko waliandika kwa herufi nzito kwamba utafiti huu unavunja kuta za idara! Sasa nafungua gazeti lako nakuta swali langu limegeuzwa "hofu ya jamii dhidi ya teknolojia mpya". Hofu gani? Mtu aliyefanya kazi kwenye laini za kilovolti 33 leo aogope kioo kilichoanikwa juani?

Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, unaohusu haki ya umma kushiriki maamuzi ya mazingira, unasema wazi kwamba umma ushirikishwe mapema, wakati njia zote bado ziko wazi. Kuja na ramani yenye plastiki ni kupiga hodi ukiwa umeshakaa sebuleni. Na madhara yake yanajulikana. Huko Norway, Mahakama ya Juu iliamua Oktoba 2021 kwamba vibali vya mitambo ya upepo ya Fosen vilikiuka haki za wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini kule. Hukumu ikatoka, mapanga yakaendelea kuzunguka, kwa sababu mitambo ilikuwa imeshajengwa. Nishati safi, sawa, lakini malisho ya watu ndiyo yaliyolipa.

Halafu kuna hili la majarida ya kitaaluma. Nilitaka kuisoma ripoti kamili ya watafiti, nikaambiwa nilipie kwanza. Nimetoa mchana wangu bure, nimetoa swali langu bure, sasa ninunue nilichosema mwenyewe! Wahariri nanyi mnanukuu muhtasari wa ukurasa mmoja mnatangaza kwamba umma umesema.

Pendekezo langu ni hili. Kikao kijacho kifanyike jikoni kwa yule mama, saa ya kupika, na profesa apewe kiti upande unakoelekea moshi. Ramani ije tupu, pamoja na penseli yenye kifutio. Na wafadhili washikilie fungu la mwisho la fedha mpaka mtafiti mmoja, si msaidizi wake, arudi ukumbini asimame mbele ya bango la "Ya baadaye" na kujibu kikaratasi kimoja kimoja kwa sauti. Chai tutachemsha wenyewe.

Fundi mstaafu wa laini za umeme