Chenga za Kanda na Majivu ya Filamu

Miongoni mwa kanda za VHS tunazoletewa ili tuzihamishie kwenye faili za dijitali, zipo zinazotupa kazi kubwa kuliko hata kanda za harusi. Hizi ni filamu za televisheni za miaka ya 1980 zinazosimulia maisha ya watu wachache waliosalia baada ya dunia kuangamia, zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, zikarushwa hewani mara chache, kisha zikauzwa kama kanda za video. Wateja wengi wanaozileta hutoa ombi lile lile, kwamba tuondoe chenga zote na kuing'arisha picha. Tunaona ni haki yao tuwaeleze kwa nini huwa tunawauliza maswali kadhaa kabla ya kulitekeleza.

Baadhi ya filamu hizi zilipigwa kwa filamu ya upana wa milimita 16, ambayo ni nafuu kuliko ile ya milimita 35 iliyozoeleka kwenye sinema, na kwa kuwa picha yake ndogo hukuzwa zaidi inapoonyeshwa, punje zake, yaani vidoadoa vya asili vya filamu yenyewe, huonekana wazi. Mfano unaojulikana ni Threads, iliyoongozwa na Mick Jackson na kuonyeshwa na BBC nchini Uingereza tarehe 23 Septemba 1984, ambayo inauonyesha mji wa Sheffield kabla na baada ya vita vya nyuklia. Giza la sehemu yake ya baadaye ni la anga lililozibwa na moshi na vumbi la vita hivyo, na anayeling'arisha huwa ameiondoa hadithi yenyewe. Tena giza na moshi viliwafaa sana watengenezaji wasio na fedha, maana ukuta mmoja uliobomoka, ukifunikwa na moshi wa kutosha, humfanya mtazamaji aamini kwamba mtaa mzima umeanguka.

Hata hivyo, kanda nayo ina kasoro zake. VHS, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, hubeba takriban mistari 240 tu ya picha ikipimwa kwa upana, na rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo zaidi kuliko mwanga, ndiyo maana wekundu wa moto hutapakaa nje ya mipaka yake. Baadhi ya kampuni zilizouza kanda za bei nafuu nchini Marekani zilibana matumizi kwa kurekodi filamu katika mwendo wa polepole uitwao EP, unaotumia theluthi moja tu ya mkanda unaohitajika katika mwendo wa kawaida. Alama za sumaku katika mwendo huo huwa nyembamba mno, kiasi kwamba deki isiyosetiwa vizuri huzikosa, na hapo picha hucheza na kujaa chenga. Chenga za namna hii huondolewa kwenye deki, kwa kusafisha vichwa vyake, kurekebisha trekingi (yaani kuvilinganisha vichwa hivyo na alama za mkanda) na kuijaribu kanda kwenye deki zaidi ya moja. Deki zenyewe tunazitunza kama mboni ya jicho, kwani Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho anayejulikana, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016.

Somo hili tulilipata kwa kosa letu wenyewe. Mteja mmoja alituletea filamu yenye tukio la mwanamke anayetembea peke yake barabarani huku majivu yakimdondokea mabegani, nasi tukaipitisha kwenye programu ya kuondoa chenga. Programu za aina hiyo hulinganisha fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda filamu, na inayofuata, na kitu kinachotokea kwenye fremu moja na kupotea kwenye nyingine huhesabiwa kuwa uchafu. Majivu yote yalifutika, uso wa mwanamke yule ukawa laini kama nta, na barabara ikabaki safi kana kwamba hapakutokea lolote. Mteja alikuwa ameridhika, lakini tulipoirudia kanda yenyewe tulitambua tulichomnyang'anya, tukampigia simu na kuifanya kazi upya bila malipo. Tangu siku hiyo kila kanda ya aina hii tunaitolea faili mbili, moja ikiwa kama ilivyotoka kwenye deki na nyingine ikiwa imerekebishwa kidogo, ili mteja ailinganishe mwenyewe.

Yapo pia mambo mawili yanayodhaniwa kuwa ubovu. Katika filamu za televisheni ya Marekani, kila baada ya muda picha hufifia hadi giza kamili, kisha hurudi. Hapo palikuwa mahali pa matangazo ya biashara, nasi tunapaacha kama palivyo. Aidha, filamu iliyopigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, ikihamishiwa kwenye kanda ya PAL, mfumo wa televisheni uliotumika katika nchi kama Uingereza, huchezwa kwa fremu 25, kwa hiyo filamu ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96 pasipo tukio lolote kukatwa, na sauti hupanda kidogo. Mwendo huo tunaweza kuurudisha ukituomba.

Ukiona unga mweupe kwenye ukingo wa mkanda, tafadhali usiichezeshe wala kuirudisha nyuma kanda hiyo, kwani huo ni ukungu na utahamia kwenye deki yako. Tunahamisha filamu kwa matumizi binafsi ya mwenye kanda pale sheria inaporuhusu, na hatutengenezi nakala za kuuza. Njoo na kasha lake, na utuambie ni tukio gani la gizani unalolikumbuka vizuri zaidi, kwa sababu hapo ndipo tutakapoanzia kuipima picha.