Andikeni swali la mtafiti, si tuzo pekee

Mhariri,

Kila mwaka washindi wa Tuzo ya Nobel wanapotangazwa, magazeti huandika jina, nchi na kiasi cha fedha, na habari ikaishia hapo. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Wanafunzi wangu wakisoma habari za namna hiyo huniuliza mshindi alisoma chuo gani, wala hawaulizi alikuwa akitafuta nini. Naomba nafasi nieleze, kwa mfano wa Susumu Tonegawa aliyetunukiwa peke yake Nobel ya Tiba mwaka 1987, kile kinachoachwa nje.

Tonegawa alizaliwa Nagoya, Japani, mwaka 1939, akasomea kemia Kyoto, kisha akapata shahada ya uzamivu katika biolojia ya molekuli huko San Diego, Marekani. Elimu ya kinga ya mwili haikuwa fani yake. Aliingia humo kwa sababu viza yake ya Marekani ilikuwa inakwisha mwishoni mwa 1970, naye mtafiti Renato Dulbecco, ambaye Tonegawa alikuwa akifanya kazi katika maabara yake, akamwelekeza kwenye taasisi mpya ya utafiti wa kinga mjini Basel, Uswisi. Alifika akiwa na ujuzi wa DNA, akazungukwa na wataalamu wa kinga waliokuwa na kitendawili cha miaka mingi.

Mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na vitu vigeni mwilini, za mamilioni ya aina, hata dhidi ya kemikali ambazo hazikuwahi kuwapo kabla ya kubuniwa maabara, ilhali jeni zetu za kutengeneza protini, kama tujuavyo leo, ni takriban 20,000 tu. Wako walioshikilia kwamba tunarithi jeni zote za kingamwili zikiwa kamili, na wako waliosema tunarithi chache zinazobadilika ndani ya mwili. Mwaka 1965 William Dreyer na Claude Bennett walipendekeza kwamba jeni mbili hushirikiana kuunda mnyororo mmoja wa kingamwili, lakini wakati huo hapakuwa na njia ya kulithibitisha wazo hilo.

Tonegawa na mwenzake Nobumichi Hozumi walichukua DNA ya viinitete vya panya, na nyingine ya uvimbe wa saratani unaotokana na seli zinazotoa kingamwili. Waliikata yote kwa kimeng'enya kilekile, yaani protini inayokata DNA mahali maalumu, wakavitenganisha vipande kwa umeme ndani ya jeli, vidogo vikitangulia na vikubwa vikibaki nyuma, kisha wakavisaka vipande vyenye jeni za kingamwili kwa RNA, yaani nakala ya jeni, iliyotiwa alama ya mnunurisho. Katika DNA ya kiinitete, sehemu ya jeni inayotofautiana kati ya kingamwili moja na nyingine ilikuwa kwenye kipande kimoja, na ile isiyotofautiana kwenye kingine. Katika DNA ya uvimbe, zote mbili zilikuwa kwenye kipande kimoja. Zilizokuwa mbali zilikuwa zimesogezwa na kuungwa! Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1976, na kwangu mimi ni miongoni mwa majaribio mazuri zaidi ya karne iliyopita, kwa kuwa yalionyesha kwamba seli inaweza kuipanga upya DNA iliyorithi. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kila seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, huchagua vipande vichache kutoka mafungu kadhaa na kuviunga, na kutolingana kwa maungio huongeza aina nyingine tele.

Hivi karibuni nilichora ubaoni mistari miwili kuonyesha vile vipande viwili vya kiinitete, na mmoja kuonyesha kile kimoja cha uvimbe. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hukaa kimya, akauliza ni kitu gani basi kinachokata na kuunga DNA ndani ya seli. Hilo ndilo swali ambalo watafiti wengine walipata ufunguo wake mwaka 1989 na 1990, walipozitambua jeni za RAG, ambazo mtoto akizikosa kabisa huzaliwa bila seli B wala seli T, aina nyingine ya seli za kinga.

Mhariri, mtakapoandika tena habari za mtafiti wa kinga, naomba mchapishe mchoro wa namna hiyo pembeni mwa picha ya mshindi.

Mwalimu wa biolojia